Asilimia 20 hao ni akina nani?

Fungua andalio la somo la mwalimu wa shule ya msingi, Kibaha au Kisarawe, utakuta mpangilio ule ule. Juu kuna tarehe, darasa, kipindi na muda, kisha idadi ya wanafunzi walioandikishwa na waliohudhuria: wavulana, wasichana, jumla. Chini kabisa, mahali pa tathmini, ipo sentensi ambayo kalamu imeizoea hadi inajiandika yenyewe: asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa somo.

Mwalimu mkuu ataipitisha na kugonga muhuri. Kesho yake mada mpya inaanza. Ni nadra mtu kuuliza wale asilimia 20 ni akina nani. Katika darasa la watoto 80, hao ni watoto 16. Wana majina na wana madawati yao, na mada mpya itawakuta wamekwama kwenye ile ya jana.

Siku hizi daftari linahamia kwenye kioo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vilikabidhiwa kwa walimu baada ya kazi ile kumalizika. TAMISEMI ina mfumo wake wa taarifa za shule. Baraza la Mitihani lina PReM, unaompa mwanafunzi namba inayomfuata anapohama shule na anaposajiliwa kwa mtihani. Shule nyingi binafsi nazo zina programu zao, na mzazi hupata ujumbe wa ada na maksi kwenye simu yake.

Kwa mji kama Kibaha, namba hiyo ya PReM ina kazi kubwa. Familia zinatoka Dar es Salaam kufuata viwanja kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Maili Moja hadi Visiga na kuendelea, na mtoto anaweza kuhama katikati ya mwaka. Namba yake inafika salama. Kisichofika ni habari kwamba anasoma vizuri "baba" na "kalamu", ila akikutana na "nywele" au "ng'ombe" anabaki kuitazama picha na kubahatisha. Mwalimu mpya ataligundua hilo mwenyewe, pengine baada ya muhula mzima.

Kisarawe ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Mwaka 1999 wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa tano zilizoanza majaribio ya MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto waliokosa shule, pamoja na Masasi, Ngara, Musoma Vijijini na Songea Vijijini. Huwezi kuendesha mpango wa aina hiyo kwa asilimia. Aliyeacha shule akiwa darasa la tatu na ambaye hajawahi kushika kalamu wanaweza kuwa na umri mmoja na kukaa benchi moja, lakini somo lao haliwezi kuwa moja. Lazima ujue kila mmoja amefika wapi.

Januari 2016 ikaja elimu bila malipo na madarasa yakafurika. Mtoto aliyekosa elimu zamani alikuwa nje ya mlango, na kila mtu alimwona akichunga au akiuza karanga. Wa leo anaweza kuikosa akiwa amekaa dawati la tatu, na jina lake likaitwa kila asubuhi.

Je, programu inaweza kumwokoa? Inaweza, ikitumiwa kwa akili. Tupige hesabu. Kipindi cha darasa la tatu ni dakika 40. Mwalimu akitumia sekunde 20 tu kumwandikia kila mtoto neno moja, watoto 80 watamlia sekunde 1,600, karibu dakika 27. Hapo hakuna mwalimu, kuna karani. Lakini akiwaandika wale 16 pekee, na silabi au hesabu iliyowashinda, atamaliza kwa dakika tano na ushee.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Maria Montessori, daktari aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma Januari 6, 1907, aliwataka walimu wamtazame mtoto mmoja mmoja kabla ya kuamua wamfundishe nini. Programu zinazotumika leo katika baadhi ya shule zinazofuata mbinu zake huandika mbele ya jina la mtoto kama ameonyeshwa somo, anafanya mazoezi au amelimudu. Ngazi hizo tatu zinatosha hata kwenye daftari la mistari, pale umeme unapokatika au bando linapokwisha.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, unasisitiza umahiri. Umahiri ni wa mtu. Haugawanywi kwa wastani wa darasa.

Hata hivyo, kumbukumbu zina miiba. Neno "mzito" likiandikwa kwenye daftari litaliwa na mchwa siku moja. Likiandikwa kwenye mfumo linaweza kumfuata mtoto hadi sekondari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu watoto pia, na kundi la WhatsApp la wazazi si mahali pa kumwaga maksi za watoto wa wenzetu. Mwalimu aandike kilichomshinda mtoto, asiandike mtoto ni mtu wa namna gani.

Anayeweza kuianzisha kazi hii bila kusubiri kishikwambi ni mzazi. Katika kikao kijacho cha shule, usiulize mwanao amekuwa wa ngapi. Uliza mambo mawili: nini kimemshinda muhula huu, na jambo hilo limeandikwa wapi? Ukijibiwa kwa asilimia, kaa hapo hapo, uliza tena.