Misikiti Mikubwa, Misikiti Mikongwe: Nani Kashika Taji?

Wafalme wa Kimughal wa India walijenga kwa fujo ya mali. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ilijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ila ilianza mapema. Tuipange misikiti yao!

1. Mkubwa: Badshahi, Lahore
Huu ni wa Mfalme Aurangzeb, nao unapokea waumini 100,000. Chukua Uwanja wa Martyrs wa Kinshasa, wenye nafasi 80,000, ujaze hadi juu, kisha uhamishie watu wote Lahore: 20,000 wengine bado watapata pa kusujudu. Ua peke yake, zaidi ya mita za mraba 25,000, unameza viwanja vitatu vya mpira na nusu ya cha nne. Baba wa Aurangzeb, Shah Jahan, alijenga Jama Masjid wa Delhi, wa waumini 25,000. Mtoto kamzidi baba mara nne!

2. Wa haraka: Badshahi tena
Ulijengwa 1671 hadi 1673. Jama Masjid, wenye wafanyakazi zaidi ya 5,000, ulichukua miaka 6. Wa mwisho ni jirani yetu: Msikiti wa Taifa wa Uganda, mjini Kampala, ulianza miaka ya 1970, enzi za Idi Amin, ukakamilika 2006 kwa fedha za Libya. Lakini kwa mtu wa Kpandroma, huku kwetu Ituri, ndio bingwa wa karibu: unavukia mpaka wa Mahagi tu. Mnara wake una ngazi zaidi ya 300, basi twende na maji.

3. Kuba: Kilwa Kisiwani
Sultani al-Hasan ibn Sulaiman aliupanua Msikiti Mkuu karne ya 14. Kuba lake halikupata mshindani Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Wareno waliuvamia mji 1505, miaka 21 kabla Babur hajaanzisha dola ya Kimughal.

4. Tarehe iliyochongwa: Kizimkazi, Unguja
Kwa nje ni paa la mabati, kama duka lolote la Kpandroma. Ndani, kwenye kibla, maandishi ya Kikufi yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Badshahi ulipokamilika, Kizimkazi ulikuwa na miaka 566.

5. Mkongwe: Shanga, kisiwa cha Pate
Chini ya magofu ya msikiti wa mawe, wanaakiolojia walikuta alama za nguzo za msikiti wa miti wa karne ya 8. Aurangzeb alichelewa kwa karibu miaka 900.