Chanjo ya kichaa cha mbwa na swali la seli za tumbili

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeufanya uhai wa mwanadamu kuwa amana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mbwa si mnyama wa mapambo. Mkulima humfuga ili alinde shamba dhidi ya nguruwe pori na nyani, na sheria yetu imemruhusu mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda. Lakini mbwa huyo huyo, asipochanjwa, anaweza kuyaleta nyumbani maradhi ya kichaa cha mbwa, ambayo dalili zake zikishajitokeza mgonjwa karibu daima hufariki. Wataalamu hukadiria kuwa maradhi haya huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na takriban 1,500 hapa Tanzania. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15.

Kinga ipo, nayo ni chanjo inayotolewa mara tu baada ya kuumwa. Lakini mzazi anayeambiwa kuwa chanjo hiyo hutokana na seli za tumbili ana haki ya kuuliza: je, ni halali kuingiza kitu hicho katika mwili wa mwanangu? Swali hili ni la dini na la elimu kwa pamoja. Tuanze na elimu.

Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimtibu mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, kwa chanjo iliyotokana na uti wa mgongo wa sungura uliokaushwa. Baadaye zilikuja chanjo zilizotengenezwa kwa ubongo wa kondoo na mbuzi. Hizo zilidungwa tumboni kwa siku nyingi, na baadhi ya waliochanjwa walipata madhara ya mishipa ya fahamu.

Mlango mpya ulifunguka mwaka 1962, pale wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walipochukua seli za figo ya tumbili wa Afrika, jamaa ya hao tunaowafukuza mashambani, na kuzikuza katika chombo. Seli hizo zinaendelea kugawanyika mpaka leo, kwa hiyo hahitajiki tumbili mwingine wa kuchinjwa kwa kila chanjo. Kiwandani hukuzwa katika mapipa ya maji yenye virutubisho. Virusi hupandikizwa ndani yake vikaongezeka, kisha huvunwa, huuawa kwa kemikali na kusafishwa. Anachodungwa mtoto ni virusi vilivyokufa, ili mwili ujifunze kumtambua adui.

Elimu imekwenda mbali zaidi. Majeruhi mwenye jeraha baya huhitaji pia kingamwili zilizo tayari, ambazo kwa muda mrefu zilitolewa katika damu ya farasi au ya binadamu, nazo ni adimu. Leo wataalamu huingiza maelekezo ya urithi ya kingamwili ya binadamu katika seli za panya buku wa China, ambazo zilianza kukuzwa maabara mwaka 1957, nazo hugeuka kiwanda cha dawa. India iliidhinisha dawa ya namna hiyo dhidi ya kichaa cha mbwa mwaka 2016. Hata mwani mdogo usioonekana kwa macho, wa jamii ya ule unaoweka ukijani katika pipa la maji, umekwisha kufanyiwa majaribio: mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliutumia kutengeneza kingamwili dhidi ya virusi vingine.

Sasa turudi kwenye dini. Kuhifadhi uhai ni miongoni mwa mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda. Mwaka 1995 wanavyuoni na matabibu walikutana Kuwait na kuafiki kwamba kitu najisi kikibadilika kikawa kitu kingine kabisa, hukumu yake hubadilika. Wapo wanaoibana zaidi kanuni hiyo. Lakini hata katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, dawa iliyochanganyika na najisi huruhusiwa panapokosekana iliyo tohara, kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Basi mzazi asiyeridhika na hoja ya kwanza, hii ya pili yamtosha.

Jambo jingine lisichanganywe. Kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, ni hukumu ya tohara. Jeraha lina haki yake: lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, wala lisipakwe udongo, majivu wala dawa ya kienyeji. Kisha majeruhi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na amalize sindano zote alizopangiwa, hata kama jeraha limepona.

Na mwenye mbwa ajue kuwa ana dhima kwa jirani. Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa katika mpango mkubwa wa kuchanja mbwa, na elimu inaonesha kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maradhi hukatika. Kumpeleka mbwa wako kwenye chanjo ni kumlinda mtoto wa mwenzio.

Wabillahi tawfiq.