Kutoka Mji wa Kale Hadi Chini ya Theluji

Ikiwa wewe ni mzaliwa wa kisiwa hiki cha Mvita, bila shaka umewahi kuambiwa kwamba maji ya mfereji tunayokunywa ni theluji ya Kilimanjaro iliyoyeyuka. Mimi niliambiwa hivyo na bibi yangu hata kabla sijajua kusoma. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, kwenye vichochoro vinavyoteremkia Bandari ya Kale, na kisima cha uani kina maji ya chumvi yasiyofaa hata kwa chai. Kwa hivyo mfereji ukikauka, na hukauka mara nyingi, hatuna budi kumngoja mwenye mkokoteni wa mitungi. Siku kama hizo bibi hukaa barazani akasema, "Theluji yaisha hiyo. Ikisha yote, mutakunywa bahari."

Nilikuwa nikicheka. Kisha nikasoma kwamba UNESCO ilitoa ripoti mwaka 2022 kusema kuwa barafu iliyobakia kwenye milima ya Afrika huenda ikatoweka kufikia mwaka 2050. Nikapiga hesabu nikaona kwamba wakati huo nitakuwa mtu wa makamo, mwenye nyumba na watoto, na mfereji wangu mwenyewe. Kicheko kikanitoka. Nikamwandikia mjomba wangu, ambaye ni mwalimu wa jiografia huko Voi, nikamwomba anipeleke nikaione theluji hiyo kwa macho yangu.

Basi likizo ya Agosti ilipofika nilitia shanta mgongoni. Ndani mlikuwa na sweta mbili, blanketi, mkate wa mofa, tende, na daftari hili ninalonakilia. Bibi aliponiona mlangoni alisema, "Ajabu! Wenda wapi na shanta hilo kama askari?" Nilimbusu mkono akaniombea dua, nami nikashika njia ya Mwembe Tayari kutafuta gari.

Gari lilivuka Makupa, na kisiwa kikabaki nyuma. Mikoko ilionekana kule chini imesimama matopeni, kwa maana maji yalikuwa yamekupwa. Changamwe, Miritini, Mazeras: hadi hapo minazi ingali inakusindikiza. Lakini ukishapita Mariakani minazi inakuaga mmoja mmoja, na mara unajikuta katika nyika ya Taru. Hapo ni miiba, udongo mwekundu kama matofali yaliyosagwa, na mibuyu iliyosimama peke yake kama wazee waliosusiwa. Sikuona mto hata mmoja wenye maji. Misafara ya zamani iliyotoka Mombasa kwenda bara ilivuka nyika hii kwa miguu, ikitegemea maji ya mvua yaliyobaki katika mashimo ya mwamba. Mashimo yakikauka, watu walikufa njiani. Mimi nilikuwa na chupa yangu ya maji na dirisha wazi, na bado koo lilinikauka.

Nadhani inafaa nisimame hapa nieleze habari ya msafara mmoja, kwa sababu njia tuliyoifuata ilikaribiana na yake. Mwaka 1848, mwisho wa Aprili, mmishonari wa Kijerumani aitwaye Johannes Rebmann aliondoka Rabai, hapa nyuma ya Mombasa, kwenda nchi ya Wachaga. Inasemekana hakuchukua silaha ila mwavuli. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei, asubuhi, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwa neno moja tu: baridi.

Mjomba aliponisimulia haya tulikuwa tumeketi kwake Voi, tukila ugali. Nilimwambia kwamba jibu hilo lilikuwa la mtu asiyejua. Akanikatiza. "Hebu fikiri," akasema. "Mtu wa pwani hakuwahi kuiona theluji, lakini alijua kuwa kile cheupe ni kazi ya baridi. Sasa mlinganishe na yule bwana wa London."

Bwana wa London alikuwa William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Habari za theluji zilipofika Ulaya, yeye alizikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Mwaka 1849 Ludwig Krapf, mwenzake Rebmann, aliuona Mlima Kenya nao ukiwa na weupe juu, na bado Cooley akashikilia lake kwa miaka mingi. Wachaga wenyewe walikuwa na jina la kitu hicho, Kibo, na walijua kwamba kikiletwa chini hugeuka maji. Ilisimuliwa pia kwamba mangi mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wakakichunguze, akarudi mmoja tu, amelemaa mikono na miguu kwa baridi. Huku pwani walikuwako waliosema ni fedha inayolindwa na majini. Mimi nawasamehe wa fedha na majini. Cooley simsamehi, kwani alikuwa na vitabu.

Na sababu ya kuwako theluji pale si ngumu kuielewa. Jua halipashi hewa moto moja kwa moja kama watu wengi wanavyofikiri. Jua huipasha ardhi na bahari, na ardhi na bahari ndizo zinazopasha hewa. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi na haiwezi kuhifadhi joto. Kwa kawaida, ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa kiasi cha digrii 6. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895. Piga hesabu wewe mwenyewe: digrii 6 mara sita kasorobo ni kama 35. Ikiwa hapa Marikiti ni digrii 30, kule juu ni digrii 5 chini ya sufuri, saa hiyo hiyo, jua likiwa utosini. Hiyo ndiyo siri yote aliyoikosa Cooley.

Kutoka Voi hadi Taveta ni kiasi cha kilomita 110. Tulipita mashamba ya mkonge ya Mwatate, tukapita Bura, kisha Maktau, ambako Waingereza na Wajerumani walipambana katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mjomba aliniambia nitazame kulia mbele, maana mlima huonekana kutokea hapo. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Mawingu matupu! Taveta mawingu. Mpakani Holili mawingu. Himo tukapanda daladala ya Marangu, na bado mlima mkubwa kuliko yote Afrika ulikuwa umejificha kana kwamba unatudai. Nilianza kuwaza kwamba nitarudi kwa bibi na hadithi ya mawingu.

Marangu ni mahali pa kijani mno, migomba na kahawa imebanana, na kila upande unasikia maji. Wachaga wamechimba mifereji inayoitwa mifongo, inayoyachukua maji kutoka kwenye vijito vya msituni na kuyapeleka shambani kwa mteremko tu, bila pampu. Mimi mtoto wa Mji wa Kale nilisimama kando ya mfongo mmoja nikayatazama yale maji yakipita bure, mchana na usiku, wala hapana mtu anayeyagombania. Nilijaza chupa moja nikaifunga vizuri. Nikajisemea, hii hapa theluji ya bibi.

Siku ya pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjomba aligonga mlango. "Toka nje upesi!"

Nilitoka na blanketi. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na Kibo alikuwa hapo, juu kabisa, mahali ambapo mimi sikudhani kwamba mlima unaweza kufika. Nilikuwa nikitazama chini mno siku zote mbili. Jua lilikuwa limempiga ubavuni naye akawa wa rangi ya waridi, kisha dhahabu, kisha nyeupe. Lakini nitasema kweli: weupe wenyewe ulikuwa mchache. Katika picha iliyotundikwa sebuleni kwetu mlima umevaa kilemba kizima. Huyu wa Marangu alivaa kofia iliyotoboka.

Siku hiyo tulipanda hadi kituo cha Mandara, kwenye mita 2,720, kwani ndiyo safari ya kwenda na kurudi kwa siku moja. (Kiingilio cha hifadhi alilipa mjomba, na amenikataza kutaja ni kiasi gani.) Njia yote ni msitu wa miti mikubwa yenye ndevu za kuvumwani, na mbega weusi wenye mikia myeupe wanarukaruka juu. Kila kitu kilikuwa kinatona maji. Mjomba alitoa kipimajoto chake kwenye shanta: digrii 12. Nilikuwa nimevaa sweta zote mbili.

Ni hapo msituni, tukipumzika juu ya gogo, ndipo mjomba alipoivunja ile hadithi ya bibi. Kwanza alinifundisha kutofautisha maneno. Theluji ni ile laini inayoanguka kama vumbi la unga. Ikirundikana miaka mingi inajishindilia kuwa barafu nzito, na barafu hiyo ikiwa kubwa huitwa barafuto. Katika Afrika nzima barafuto ziko mahali patatu tu: Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kiasi cha kilomita 12 za mraba. Ilipopimwa mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 2. Kwenye Mlima Kenya, barafuto ya Lewis imepoteza sehemu tisa kwa kumi ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010.

Nikasema, "Basi yote hayo yameteremka kuwa maji."

"Hapana," akasema mjomba, "na hapo ndipo watu wengi hukosea."

Akanieleza kwamba hewa ya Kibo ilianza kuwa kavu mwishoni mwa karne ya 19. Theluji mpya ikapungua, na barafu isiyopata theluji mpya ni kama duka lisiloletewa bidhaa: inauza akiba mpaka rafu zikabaki tupu. Tena theluji mpya ni nyeupe na huyarudisha mwanga wa jua, ilhali barafu kongwe iliyoshika vumbi huunywa. Juu ya hayo limekuja joto la dunia. Na sehemu kubwa ya barafu ile haiyeyuki ikatiririka, bali hugeuka mvuke moja kwa moja ikapotelea hewani. Maji ya mifongo na vijito vya Marangu hutoka hasa kwenye mvua inayonyesha katika msitu huu huu tuliokuwa tumekalia. Na mvua hiyo yatoka wapi? Bahari ya Hindi. Pepo za masika na vuli huuchukua unyevu wa bahari yetu, zikagonga mlima na kupanda, zikapoa, zikamwaga. Kwa maneno mengine, mpenzi msomaji, theluji haiji kwetu. Sisi ndio tunaoipeleka.

"Na mfereji wa Mji wa Kale je?" nikauliza, kwa sababu hilo ndilo lililonileta.

Mjomba akaokota kijiti akachora mchangani. Maji ya Mombasa hutoka sehemu kadhaa: Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, visima vya Tiwi, na chemchemi za Mzima zilizo ndani ya Tsavo Magharibi. Hizo za Mzima ndizo zilizozaa hadithi ya bibi, maana ziko upande wa Kilimanjaro na maji yake ni baridi na safi kama kioo. Bomba lake lilijengwa miaka ya 1950, linapita Voi na kuteremka hadi Mazeras. Lakini maji yenyewe ni ya vilima vya Chyulu. Vilima hivyo ni volkano changa, mawe yake meusi yana matundu kama sifongo, hata hapana mto unaotiririka juu yake. Mvua na ukungu wa msitu wa Chyulu huzama chini, hujichuja katika mawe, kisha hutokea Mzima, kilomita 50 hivi kutoka pale ulipozamia. Barafu ya Kibo ikiisha yote kesho, bomba la Mzima halitatikisika. Msitu wa Chyulu ukichomwa makaa ukaisha, hapo ndipo tutakapotafutana.

Sikujua kama nifurahi au nihuzunike. Nilikuja na hofu moja na sasa nimepewa nyingine.

Niliporudi nyumbani bibi alikuwa barazani, mfereji haukuwa na maji, na mitungi minne ilikuwa mlangoni. Nikampa ile chupa ya Marangu, nikamweleza kila kitu kama nilivyokuelezeni, pamoja na mchoro wa mjomba. Hakunikatiza. Alionja maji kidogo akasema ni matamu, yakapikiwa chai iliyosalia. Kisha akanitazama kwa muda.

"Haya, Kilima Njaro nimekiwata," akasema. "Na hivyo vilima vya Chyulu, ni nani avitundae?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimemwandikia mjomba kuhusu likizo ya Disemba.