Kuku Wachache, Dawa Kila Siku



Katika jumuiya ndogo ndogo tunazotembelea, kuna swali ambalo tunaulizwa karibu kila mwezi: je, mtu mwenye ugonjwa wa kudumu anaweza kufuga kuku? Anayeuliza huwa ni mama anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, au mzee mwenye ugonjwa wa sukari, au kijana aliyeanza dawa za kifua kikuu juzi. Mara nyingi ameshaambiwa na jirani ya kwamba kuku watamwongezea ugonjwa. Mwingine ameambiwa kinyume, ati auze mbuzi wake wote anunue kuku 100, naye atatajirika. Wote wawili wamepotoshwa. Kufuga anaweza. Lakini kuku lazima walingane na nguvu za mwenyewe, na tukisema nguvu tunapima ile siku ambayo hawezi kuinuka kitandani, hatupimi siku ambayo anajisikia vizuri.

Hili tulijifunza kwa makosa yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuligawa kuku kwa kikundi cha wajane na wagonjwa. Kila mmoja alipata kuku 20 wa kienyeji, na sisi tuliona tumefanya jambo la maana. Mmoja wao alikuwa mama aliyeishi na virusi na kumeza dawa zake vizuri. Sasa, kuku 20 si mchezo. Wanakula, wanakunywa, wanachafua, wanapotelea vichakani na mwewe anawangojea. Mama yule alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, na usiku bado yuko macho akisikiliza kama kuna mwizi. Siku yake ya kliniki ikaangukia siku ya soko, akaona afadhali auze mayai kwanza. Akakosa kliniki mara moja, akakosa mara ya pili. Kisha kikaja kiangazi na upepo wake, na kideri kikaja nacho. Wiki haikuisha, akabaki na jogoo mmoja.

Tulipofika kwake tulimkuta amelala na mkebe wa dawa ni mtupu. Alituuliza apone ili akafanye nini, kwa maana kuku wameisha.

Alirudi kliniki, kwa neema ya Mungu na kwa miguu ya mhudumu wa afya wa kijiji ambaye alimfuata mpaka akachoka. Lakini lile swali lilitukaa moyoni. Tulikuwa tumemtwika mzigo, tena tulikuwa tumeacha uhai wake utegemee viumbe ambao wanaweza kufa wote kwa juma moja. Kwa hivyo siku hizi tukikaa na mtu anayeumwa, jambo la kwanza tunalotafuta ni kadi yake ya kliniki. Tunatazama tarehe zake, tunajua ni lini hatakuwa nyumbani na ni nani atawafungulia kuku siku hiyo. Kama hakuna mtu wa kuwafungulia, hatujafika mahali pa kununua kuku.

Idadi tunayoanza nayo ni kuku jike 5 na jogoo 1. Wengi hucheka wakisikia. Lakini piga hesabu. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kisha hutaka kuatamia, na mayai huanguliwa baada ya siku 21. Ukiruhusu wawili tu waatamie kwa wakati mmoja, unaweza kupata vifaranga 15 au 20 kabla hujajua, na hao ndio kazi. Kwa hivyo usiwaache wote waatamie pamoja. Wale wengine wakitaga, mayai yale ni ya kula na ya kuuza kidogo. Tunasema ya kula kwanza. Yai moja lina karibu gramu 5 au 6 za protini, na mwili unaopigana na ugonjwa unazihitaji. Inatuuma tukiona nyumba ambapo mayai yote yanaenda sokoni na mgonjwa anakula ugali na mboga peke yake, halafu pesa ya mayai inanunua soda ya wageni.

Tuje kwenye banda, maana hapo ndipo afya ya mfugaji hulindwa au huharibika. Banda la kawaida la chini, lile la kuingia kwa kuinama, ni baya kwa mtu mwenye kifua. Ukiingia unakutana na vumbi la manyoya na la kinyesi kikavu, pamoja na ile harufu kali inayochoma macho. Mwenye pumu hupata shida papo hapo. Aliye na kifua kikuu mapafu yake yana vidonda, na kukohoa katika vumbi lile kunamchosha bure. Sisi hushauri banda la miguu: liinuliwe karibu mita 1 kutoka ardhini, sakafu iwe ya fito zenye nafasi ndogo kati yake ili kinyesi kianguke chini. Hapo unasimama nje na kukivuta kwa reki ya mpini mrefu bila kuingiza kichwa. Mlango uwe usawa wa kiuno. Viota viwe na kifuniko cha upande wa nje, ili uchukue mayai ukiwa umesimama wima. Kwa kuku 5 au 6, mita 1 kwa mita 1 na nusu inatosha. Miti ya kawaida na mabati machache yaliyobaki mahali yatafaa, na upande mmoja uwe wazi kwa waya ili hewa ipite. Chini ya miguu tandaza majivu au majani makavu, na kabla ya kufagia nyunyiza maji kidogo ili vumbi lilale. Jifunge leso puani. Kama ile barakoa ya wakati wa Korona bado iko kabatini, itoe, kazi yake ni hii.

Tunajua watu wengi hulaza kuku jikoni au hata chini ya kitanda, na sababu ni wezi. Hatuwalaumu. Lakini kuku anayeonekana mzima kabisa anaweza kubeba tumboni vijidudu kama vile salmonela, ambavyo yeye havimsumbui. Vikiingia kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, huwa si kuhara tu. Vinaweza kuingia katika damu na kumlaza hospitali. Mtoto mdogo naye hutambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni. Kama hofu ni mwizi, jenga banda liguse ukuta wa chumba unacholala, upande wa dirisha, utie kufuli. Ukisikia kelele uko karibu, na wao wako nje.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila unapotoka kwa kuku, hata kama uliokota yai moja tu. Weka kibuyu chirizi pale pale karibu na banda, kwa sababu kama maji yako mbali hutayaendea. Viatu vya bandani vibaki nje ya nyumba. Mayai yapikwe mpaka kiini kigande. Ile tabia ya kunywa yai bichi ati linaongeza damu, tafadhali iacheni, hasa kwa wagonjwa. Mtu ambaye ndiyo kwanza ameanza dawa za virusi, au ambaye daktari amemwambia kinga yake iko chini, asisafishe kinyesi kwa sasa. Akusanye mayai na atie maji, kinyesi akifanyie mwingine mpaka apate nguvu.

Kwa wenzetu wa sukari kuna mambo mawili, na yote tumeyaona. La kwanza ni asubuhi. Mtu anajidunga insulini, halafu kabla hajanywa uji anasikia kuku wakipiga kelele na anaenda kuwafungulia. Mmoja anatoroka, anamfukuza mpaka kwa jirani. Huku nyuma insulini inafanya kazi na tumbo ni tupu. Anaanza kutoka jasho, kutetemeka, kuona giza, maneno yanamchanganyikia, na watu wanadhani amelewa. Sukari imeshuka, na inaweza kumwua. Basi mpangilio uwe mmoja: kuku wafunguliwe kabla ya sindano, au wangoje mpaka umalize kula. Kuku hafi kwa kukaa ndani nusu saa zaidi. Na mfukoni weka sukari kidogo iliyofungwa kwenye karatasi.

La pili ni miguu. Ugonjwa wa sukari unaweza kuua hisia za nyayo, na mtu anakanyaga mwiba au waya wa banda bila kujua. Vaa gumbuti au kiatu kilichofunika vidole, si malapa. Jioni jitazame nyayo, na kama macho hayaoni vizuri mjukuu atazame. Kidonda kidogo, hata cha kukwaruzwa na jogoo, kioshwe na kionyeshwe kliniki mapema. Wa presha hatuna mengi kwao, ila wasibebe magunia ya chakula wenyewe na wasiruke dawa kwa sababu wanajisikia vizuri.

Sasa kideri. Kikishaingia hakina dawa. Mshubiri na pilipili katika maji ya kunywa, ambavyo kila mtu huku anavijua, havijawahi kukizuia. Kinachosaidia ni chanjo ya tone moja jichoni, kuku wakiwa bado wazima, na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Chanjo inataka baridi kutoka dukani mpaka kwa kuku, kwa hivyo ibebwe kwenye thamosi yenye barafu, na ikishachanganywa itumike siku hiyo hiyo. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa boma moja, na ndiyo maana mtu mmoja huona ni ghali na kuiacha. Jumuiya nzima ikichanga, kila mtu hutoa kidogo sana. Anayetia matone asiwe mgonjwa. Chanjo ile ikiruka ikaingia jicho la mtu inaweza kulifanya liwe jekundu na liume kwa siku kadhaa, na mwenye kinga dhaifu hana haja ya kujaribu. Na kama katika nyumba kuna insulini kwenye chungu cha baridi, chupa ya kuku isikae humo. Usiku taa ni ndogo na chupa hufanana.

Kuna jambo jingine ambalo hatupendi kulisema lakini lipo. Kuna watu wanaowapa kuku dawa za binadamu. Kuku anasinzia, mama anavunja kidonge chake cha virusi au cha kifua kikuu na kukitia katika maji. Kidonge kile hakitamsaidia kuku, na mwenye kidonge amekosa dozi ya siku hiyo. Dawa za kifua kikuu hutumiwa kwa miezi 6 kwa kawaida, na dozi zinazorukwa ndizo hufanya ugonjwa uzoee dawa, na matibabu yakawa marefu na magumu zaidi. Tena msiwape kuku kapsuli za viuavijasumu kila wakikohoa. Ukinunua dawa ya kuku, uliza ni siku ngapi usile mayai yao wala nyama, na uzihesabu siku hizo kwelikweli. Dawa inayobaki katika yai unaila wewe.

Pesa nazo zina mahali pake. Tunapendekeza mkebe wa nauli ya kliniki, tofauti kabisa na pesa ya chakula cha kuku. Mayai ya kwanza kuuzwa kila mwezi yaingie humo mpaka nauli ya kwenda na kurudi itimie, ndipo mengine yahesabiwe. Dawa za virusi na za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali, lakini gari halikubebi bure, na hapo ndipo wengi huangukia. Na kama siku ya kliniki na siku ya soko zimegongana, mwombe daktari au muuguzi akubadilishie tarehe. Wengi hawajui ya kwamba hilo linawezekana. Ukishindwa kusema, njoo, tutakwenda pamoja.

Mama yule tuliyemtaja hapo juu leo ana kuku jike 6. Amegawana kazi na jirani yake wa jumuiya: mmoja akienda kliniki, mwingine hufungua mabanda yote mawili. Kideri kilipita tena kijijini, yeye alipoteza vifaranga kadhaa. Alisikitika, akatengeneza chai, akameza dawa yake ya jioni.

Wanaotaka kuona banda la miguu, moja liko nyuma ya ofisi ya parokia, mje mpime kwa kamba. Na wale wanaotaka kuchanga kwa ajili ya chanjo, mpeni katibu wa jumuiya yenu idadi ya kuku, vifaranga wahesabiwe pia, kabla upepo wa kiangazi haujaanza.