"Nimevuka Jana": Njeo za Kiingereza na Mazoea Yetu ya -me-

Makala haya hayadai kuwa sarufi kamili ya Kiingereza. Nia yangu ni kueleza jinsi kitenzi kimoja cha kawaida cha lugha hiyo kinavyobadilika katika njeo zake, na kwa nini kinatukwamisha sisi tunaofikiri kwa Kiswahili, hata tukiwa tumeshafika Chuo Kikuu.

Chanzo ni daftari la mdogo wangu. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kilambo, kule Mtwara, Mto Ruvuma unapokaribia bahari. Ng'ambo ni Msumbiji. Mtu wa kwetu huongea Kimakonde nyumbani, Kiswahili shuleni na sokoni, na akivuka mto hukutana na Kireno. Kiingereza kinamngoja Kidato cha Kwanza, tena si kama somo tu, bali kama lugha ya kusomea karibu masomo yote. Basi mdogo wangu akanionyesha sentensi iliyopigwa kalamu nyekundu: "I have crossed the river yesterday." Akaniuliza, "Kaka, kosa liko wapi? Si nimevuka kweli?" Swali hilo lilinichoma, kwa sababu na mimi kosa la ukoo huo huo nimelifanya mara nyingi katika insha za fasihi.

Maumbo ya kitenzi

Tuchukue hicho hicho "cross", yaani kuvuka. Kina maumbo manne tu: "cross", "crosses", "crossed" na "crossing". Kiswahili hupakia mzigo mzima ndani ya neno moja. "Hatukuvushwa" lina ukanushi, nafsi, njeo na kauli. Kiingereza hutawanya mzigo huo kwa vitenzi visaidizi.

Kwa jambo la mazoea tunasema "I cross", "you cross", "they cross", na nafsi ya tatu umoja peke yake ndiyo inayobadilika: "she crosses". Wakati uliopita ni "crossed" kwa nafsi zote. Wakati ujao huomba msaada wa "will": "I will cross". Tendo linaloendelea hutumia "be" pamoja na "crossing": "I am crossing", "I was crossing". Hali timilifu hutumia "have" au "has" pamoja na "crossed", na tukirudi nyuma zaidi, "had crossed", yaani alikuwa amevuka.

Katika swali na ukanushi anaingia "do" na ndugu zake. Hapa wengi huteleza na kuandika "did not crossed". Kanuni yake ni nyepesi: kisaidizi kikishabeba wakati, kitenzi kikuu hubaki kitupu. Kwa hiyo ni "did not cross".

Tusisahau matamshi. Ile "-ed" ina sauti tatu: katika "crossed" husikika t, katika "called" d, na katika "waited" ndipo husikika silabi nzima. Sisi tuliozoea maneno yanayoishia kwa irabu tulikuwa tukisema "krosidi", na darasa zima lilielewana!

-me- si "have"

Sasa turudi kwenye kalamu nyekundu. Tulifundishwa kwamba -li- ni "-ed" na -me- ni "have". Ni njia ya mkato, na ndiyo iliyotupoteza. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, alikwisha kueleza kuwa -me- huonyesha kukamilika kwa tendo au hali inayotokana na tendo hilo. Ukisema "mtoto amelala", humaanishi historia ya usingizi wake. Unasema yuko usingizini sasa. "Amesimama", "amekaa", "amevaa kanga", zote ni hali zinazoonekana. Ndiyo maana "nimevuka jana" haimshtui mtu wa kwetu: nilivuka jana, na mpaka sasa niko ng'ambo hii.

"Have crossed" nayo huunganisha tendo na sasa, lakini haikubali kukaa na wakati uliokwisha kufungwa. Ukitaja "yesterday" au "in 2010", mlango umefungwa, sema "crossed". Daraja la Umoja kule Mtambaswala lilifunguliwa mwaka 2010, kwa hiyo "it opened in 2010". Lakini watu bado wanalitumia, kwa hiyo "people have crossed it since 2010". Angalia hapo: sisi tungesema "watu wanavuka tangu 2010", kwa -na-. Kumbe hata "have" yenyewe si lazima iwe -me-.

Insha zetu

Mhadhiri hukutana na jambo hili kila wiki. Kwa Kiswahili tunaandika "mwandishi ametumia tamathali za semi", na tuko sahihi, kwa sababu matumizi hayo bado yamo kitabuni. Tukihamia Kiingereza tunaandika "the author has used" kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho. Wahakiki wa Kiingereza kwa kawaida husema "the author uses", kwa njeo ya sasa, kwani kwao kitabu hutenda kila kinaposomwa.

Upande wa tafsiri kuna kazi zaidi. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise (1994), ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022). Mfasiri wa riwaya kama hiyo akikuta "-ed" inayojirudia sentensi baada ya sentensi, hawezi kuweka -li- kila mahali. Masimulizi yatasikika kama ripoti ya polisi. Lazima aamue palipo na -li- ya kufungulia, -ka- ya kusukuma kisa, au -ki- ya tendo linaloendelea pembeni. Kiingereza hakina -ka-. Uamuzi huo ni wa kifasihi, na sisi wahakiki tungepaswa kuuchunguza badala ya kuhesabu misemo tu.

Hitimisho

Kwa maoni yangu, kosa la mdogo wangu halikuwa ujinga. Alifikiri sawasawa kwa lugha moja akaandika kwa nyingine. Kalamu nyekundu ilimwambia amekosea bila kumwambia kwa nini, na mtoto wa hivyo huishia kunyamaza darasani. Laiti tungefundishwa njeo za lugha hizi mbili zikiwa zimewekwa bega kwa bega! Nilipomweleza hivyo alitazama daftari, akafuta "have", akabakiza "crossed". Kisha akasema, "Kwa hiyo Kiswahili changu hakikuwa na kosa?" Nikamjibu kuwa hakikuwa nalo.