UZI: Pesa za kaboni Kajiado. Asilimia 40 ya nini?

1/ Ukifuata siasa za Kajiado utasikia hotuba mbili. Ya kwanza: kaboni itatutajirisha. Ya pili: kaboni ni kuuza ardhi kwa mlango wa nyuma. Zote hupigiwa makofi. Tuangalie kilichoandikwa kwa sheria, kisha uamue mwenyewe.

2/ Kwanza, kinauzwa nini? Si shamba. Kredi moja ni tani moja ya kaboni dioksidi ambayo haikwenda angani kwa sababu msitu haukukatwa, au iliyorudi udongoni kwa sababu nyasi zilipumzishwa. Kampuni za mbali hununua kredi hizo ili zihesabu kwamba zimefidia moshi wao.

3/ Mfano wa nyumbani: Milima ya Chyulu. Mradi wake unahesabiwa tangu 2013, na ndani yake kuna grupu ranchi za Imbirikani, Kuku na Rombo, pamoja na KWS na KFS. Milima hiyo ndiyo inalisha chemchemi za Mzima, zinazopeleka maji hadi Mombasa. Kwa hivyo mti ukibaki pale, anayefaidi si mnunuzi wa Ulaya peke yake.

4/ Watu wa Noonkopir, kulipwa ili uache ardhi ilivyo si jambo geni kwetu. Mwaka wa 2000 ulianza mpango wa kulipa familia za Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka: usiweke ua, usigawe vipande, acha nyumbu wapite. Malipo yalipangwa yaendane na kufunguliwa kwa shule. Karo, basi.

5/ Lakini dola 4 itashindana vipi na bei ya ploti? Tembea Kitengela leo uone: mawe, mageti, seng'enge. Malipo ya kutunza yakiwa madogo kuliko bei ya kuuza, watu watauza. Na si ujinga, ni hesabu.

6/ Sasa sheria. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka mradi wa ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Hiyo ndiyo namba utaimbiwa jukwaani. Wanaruka maneno yanayofuata: baada ya kutoa gharama za biashara.

7/ Tuseme mradi umeuza kredi za shilingi milioni 100. Ukisema gharama ni milioni 20, jamii inapata milioni 32. Ukisema gharama ni milioni 70, jamii inapata milioni 12. Sheria ni ileile, asilimia ni ileile. Vita viko kwa gharama: nani anaziandika, na nani anazikagua?

8/ Nani anatia sahihi? Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba na mwekezaji upitishwe na theluthi mbili, kwenye mkutano ambao theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa wamehudhuria. Mwenyekiti na marafiki zake watatu hawatoshi. Na kama mama zako na dada zako hawako kwa rejista, hawahesabiwi. Ukiwa na taitoli yako binafsi, hakuna mkutano wa kukukinga. Soma kabla ya kalamu.

9/ Wafugaji nao wana hoja nzito. Miradi mingi hupangwa kwa miaka 30, na ile ya udongo huja na ratiba ya malisho. Ukame hausomi ratiba. Mvua ikikosa, mzee anahamisha ng'ombe. Je, mkataba unamruhusu?

10/ Hii si hofu tupu. Januari 2025, mahakama ya mazingira na ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii ziliundwa kinyume cha sheria, bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo. Moja yao, Biliqo Bulesa, ilikuwa ndani ya mradi wa kaboni. Ukiruka watu mwanzoni, utakutana nao kortini.

11/ Kwa hivyo mtu akikuomba kura kwa kaboni, awe anaisifu au anaitukana, muulize:
– Gharama zinakaguliwa na nani?
– Rejista ina nani?
– Wakati wa ukame ng'ombe wanaenda wapi?
– Kujitoa kunafanywaje?
Akijibu kwa wimbo, ushapata jibu.

12/ Kama umewahi kukaa kwa mkutano wa aina hii, niambie hapa chini: mkataba ulisomwa kwa Kimaasai, Kiswahili, ama Kizungu peke yake?