Shokapu ikivuja, pitisha ukucha kabla ya kununua sili

ANAYEVUSHA mayai au nyanya kwa pikipiki huhesabu hasara yake akishafika sokoni. Trei ikifunguliwa na mayai yamepasuka, lawama huenda kwa barabara, au kwa dereva. Mara nyingi mwenye kosa yuko mbele ya macho ya wote: shokapu za mbele zimeishiwa mafuta, na kila shimo linagonga chuma kwa chuma hadi kwenye mzigo.

Dalili yake haijifichi. Asubuhi pangusa lile bomba linalong'aa, endesha hadi mchana, kisha litazame. Ukiona pete ya mafuta iliyoshika vumbi, sili imeanza kupitisha. Usingoje mwisho wa mwezi. Mafuta hayo hushuka mguuni hadi kwenye habu, na yakigusa breki shuu au diski, breki ya mbele haishiki. Kwa anayevuka Rusumo, ambako upande wa Tanzania watu huendesha kushoto na ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda, huendesha kulia, hiyo si breki ya kubahatisha.

Wengi hupeleka kwa fundi, sili inabadilishwa, wanalipa, na baada ya wiki chache inavuja tena. Husemwa kuwa sili ilikuwa feki. Huenda, maana feki zipo tele. Lakini sili ni mpira, na mpira hauchaniki bila kitu cha kuuchana. Kitu chenyewe ni bomba: kokoto zimelidonoa, kutu imelichimba vishimo, na kila shokapu inaposhuka kishimo hukwangua mdomo wa sili kama tupa. Pitisha ukucha juu na chini, pande zote, hasa pale bomba linapoingia na kutoka. Ukucha ukikwama kwenye kidonda chenye kina, sili mpya ni pesa ya kutupa, nunua bomba. Ncha ndogo iliyoinuka tu inaweza kulainishwa kwa msasa laini sana, namba 1000 au zaidi, uliolowekwa mafuta.

Sasa dukani. Hapa mpaka huleta kichekesho. Ukiomba sili Bujumbura au Goma unaweza kukodolewa macho, kwa sababu wauza vipuri wengi kule wameizoea kwa jina la Kifaransa, joint spi. Shokapu nazo zinaitwa amortisseur. Namba hazina lugha. Sili nyingi zimeandikwa vipimo vitatu usoni, kwa mfano 31×43×10.3: upana wa tundu la ndani, upana wa nje, na kimo, vyote kwa milimita. Nenda na sili ya zamani mfukoni na usome namba mwenyewe. Nunua mbili, hata kama unaovuja ni mguu mmoja. Zote zimetembea njia ileile.

Kuna wanaoona bei ya ng'ambo ni nzuri, wakafikiria kubeba katoni nzima kwa ile hati rahisi ya uasili wa bidhaa. Hati hiyo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, tena ya bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Sili iliyotengenezwa India au China haigeuki kuwa ya kwetu kwa kuuzwa dukani Busia au Kampala.

Kazi yenyewe huchukua nusu siku nyumbani kwa shokapu za kawaida, kama zilizoko kwenye pikipiki nyingi za bodaboda. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka gogo imara chini ya injini hadi gurudumu la mbele lining'inie, na ifunge isiyumbe. Kisha fanya jambo ambalo wenye haraka hulisahau: legeza kidogo bolti ya juu ya kila mguu, na ile ya chini kabisa inayofunguliwa kwa spana ya L ya pembe sita, wakati miguu bado imebanwa mahali pake. Ukishaitoa miguu, bolti ya chini huzunguka pamoja na vyuma vya ndani na utahangaika nayo hadi magharibi.

Toa gurudumu, kebo na madigadi. Kama breki ni ya diski, ifunge kaliba pembeni isining'inie kwa mpira wake, na mtu asiminye breki. Legeza bolti zinazobana mguu, uzungushe huku ukiuvuta chini. Unapomalizia bolti ya juu, ikandamize kwa kitambaa na uweke uso mbali, kwa sababu springi inasukuma. Mimina mafuta kwenye kopo. Yakiwa ya kijivu na yananuka, usishangae. Pengine hayajawahi kubadilishwa tangu pikipiki itoke dukani.

Fungua bolti ya chini, utunze washa yake ya shaba, kisha toa kifuniko cha vumbi na klipu ya waya. Sili ya zamani ing'oe kwa bisibisi bapa iliyotanguliziwa kitambaa, maana ukikwaruza ukuta wa bomba la nje umejitengenezea njia mpya ya kuvuja. Panga vipande kwenye gazeti kwa mpangilio vilivyotoka, na springi kwa upande uleule. Osha kwa mafuta ya taa, nje ya nyumba, mbali na jiko. Bomba la ndani livingirishe juu ya kioo bapa. Likirukaruka limepinda, na hapo mimi siafiki habari za kulinyoosha kwa nyundo. Pikipiki iliyogonga ukuta ipelekwe kwa fundi mwenye vipimo.

Sili mpya huingia upande wenye kispringi chembamba ukitazama chini, yaliko mafuta. Ipake mafuta, vika ncha ya bomba mfuko wa plastiki ili mdomo wa sili usikatike, kisha igonge taratibu kwa kipande cha bomba la maji la plastiki chenye upana unaolingana nayo. Acha ukiona mfereji wa klipu wote uko wazi.

Mafuta ndiyo yanayoharibiwa kuliko yote. Kuna wanaotia oili chafu ya injini, na wanaoongeza vipande vya chuma juu ya springi ili pikipiki ibebe gunia la pili. Oili chafu ina ungaunga wa chuma unaokwangua sili mpya, na springi iliyobanwa kupita kiasi huupa mzigo mtikisiko uleule uliokuwa unaukimbia. Tumia mafuta ya shokapu ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na kiasi kilekile kilichotajwa humo. Pikipiki ndogo nyingi huchukua kati ya mililita 130 na 200 kwa kila mguu. Chupa ya mtoto yenye mistari ya vipimo hupima vizuri sana, ila isirudi kwa mtoto. Miguu yote miwili ipate sawasawa, kisha sukuma bomba juu na chini mara kadhaa hewa itoke kabla ya kurudisha springi.

Ukifunga, vichwa vya miguu viwe kimo kimoja. Kabla ya kukaza ekseli kabisa, shika breki ya mbele na uikandamize pikipiki mara tano sita ili miguu ijipange. Siku ya kwanza endesha bila mzigo. Siku ya tatu pangusa bomba na utazame tena. Pete ikirudi kwenye mguu uleule, rudi kwenye bomba na ukucha wako.